Spana Namba Kumi

Wiki nzima kambi ilisema Koplo Nyamizi kaiuza spana namba kumi. Yeye alishikilia kwamba imo ndani ya ndege ya mafunzo aliyoitengeneza, ingawa walimulika tochi humo mpaka wakachoka.

"Ipindue angani, afande," alimwomba Kapteni Lukindo. "Itaanguka yenyewe."

"Na ikibana usukani?"

"Ndiyo maana nitakaa kiti cha nyuma."

Kapteni alimtazama, kisha akamrushia kofia ngumu.

Juu ya mji, ndege ikalala chali. Damu ikamjaa Nyamizi kichwani. Vumbi likamwagikia kioo, yakafuata maganda ya karanga, na kalamu ya kapteni iliyopotea mwaka jana. Basi. Halafu huko mkiani kitu kizito kikagonga bati, kikaanza kuteleza kuja upande wake.

Nyamizi akafungua kiganja.