Mito ya Kati ya Njombe na Makambako

Ndege ilinguruma juu ya uwanja wa Njombe, ikazunguka ndani ya ukungu, halafu mlio wake ukaondoka. Simu ya Shedrack, aliyekuwa akisubiri garini kando ya uwanja, ikalia.

"Hatuoni hata nyasi," alisema muuguzi wa ndegeni. "Tunashuka Makambako. Dakika kumi tu. Mleteni mgonjwa huko."

"Kumi kwenu, dada. Kwangu ni saa nzima."

Mkewe alikuwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari, kichwa mapajani mwa mama yake. Alitakiwa kupasuliwa Dar es Salaam siku hiyohiyo.

"Endesha, baba," mama mkwe alisema. "Hesabu utawafundisha wanafunzi wako kesho."

Aliendesha taa zikiwaka. Kila kona alimsikia mkewe akiguna, na mguno huo ukampa moyo.

Darajani mama mkwe aliinama. "Mwanangu, hapa tunavuka mto," alisema taratibu. "Usibaki."

Shedrack alijua maana ya maneno hayo. Kwao msafiri aliye hai hatajiwi mito. Anayetajiwa ni maiti anayerudishwa nyumbani, ili roho yake isipotee njia.

"Mama, amelala?"

Kwenye kioo aliona vidole vya mama mkwe vikimfunga mkewe kidevu kwa kitambaa, fundo likikazwa polepole utosini.

"Mwanangu, hiki ni kilima cha Mtwango. Tunapanda."

Simu ikalia tena.

"Tumetua," alisema muuguzi. "Mko wapi? Anapumua?"

"Tunakuja," Shedrack alisema, akakanyaga mafuta.