Taa ya Ijumaa

Taa ikazimwa. Na mkewe alikuwa bado ndani.

Kyaruzi alijibanza kwenye migomba yake, panga mkononi, macho kwenye dirisha la ng'ambo ya barabara. Pale alikuwa amepanga Enoshi, Myahudi wa Mbale, Uganda, aliyekuja Kemondo kufunga mashine ya kukobolea kahawa. Mgane huyo, ndevu kazichana, mpole kupita kiasi. Kila Ijumaa jua likishazama, Edvina, mke wa Kyaruzi, alimpelekea maziwa. Na kila Ijumaa taa ilizimwa Edvina akiwa humo humo.

"Si nilikwambia?" alinong'ona Kahangwa, mwalimu wa kwaya kigangoni, aliyejibanza kando yake. Yeye ndiye aliyeyaona mambo haya wa kwanza, na yalimuuma kuliko mwenye mke. Hata sauti ilimtetemeka. "Mwanamke anayeimba vizuri vile! Kwa mzee yule! Mimi siwezi kuangalia, waitu, ndugu yangu."

Ijumaa iliyotangulia Kyaruzi alikuwa ametega sikio chini ya dirisha lile, akamsikia Myahudi akisema, "Na mwanga wote huu, usingizi utatoka wapi?" Sasa wivu ulimpanda kichwani. Akavuka barabara, akausukuma mlango kwa bega.

"Umevunja amri ya sita!" alifoka gizani.

"Ya sita?" Enoshi alishtuka. "Mimi sijaua mtu!"

"Kuua ni ya tano! Nasema uzinzi!"

"Uzinzi ni ya saba, ndugu yangu. Hesabu vizuri."

"Ya sita! Nimefundishwa na mapadre!"

"Na Musa alikuwa wa kwetu!"

Edvina aliwasha taa kabla hawajakatana kwa sababu ya namba. Alikuwa mlangoni, dumu tupu mkononi, kanga haijalegea hata kidogo. "Mawe, mama yangu! Baba Dativa, panga la nini?"

Ndipo mambo yakaelezwa. Sabato ya Enoshi huanza Ijumaa jua likizama. Tangu hapo hawashi taa wala hazimi, na hata kumwomba mtu amzimie ni mwiko. Anachoweza ni kulalamika tu, na jirani mwenye akili ataelewa. Edvina alikuwa ameelewa.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Kyaruzi.

"Ungeniuliza! Umeninunia mwezi mzima."

Enoshi aliitazama taa, akapiga mwayo. "Na mwanga wote huu, usingizi utatoka wapi?"

Kyaruzi akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Aibu ilimjaa, lakini raha ilizidi. "Kuanzia leo," alisema, "maziwa nitaleta mimi, na taa nitazima mimi." Wivu bwana, hata ukiponywa hubakiza chembe.

Basi ikawa ndiyo desturi yake. Alikaa na Enoshi hadi maziwa yakapoa, wakibishana. Kyaruzi alisema Masiya alishakuja, akasulubiwa, akafufuka, na atarudi. Enoshi alisema bado hajaja kabisa. "Kumbe wote tunangoja," Enoshi alicheka. "Akifika, wewe muulize kama ni mara yake ya pili. Mimi nitakuwa nimeziba masikio." Lakini zaburi zao zilikuwa zilezile, na hapo walisali pamoja, kila mtu kwa lugha yake, na Kyaruzi akarudi nyumbani moyo mweupe.

Edvina hakununa hata kidogo. Binti yao Dativa alikuwa shule ya bweni, nyumba imetulia, akawa anamhimiza mumewe mwenyewe. "Nenda, Baba Dativa, wala usiharakishe. Mambo ya Mungu hayataki pupa." Hata Kahangwa alipoa. Sauti haikumtetemeka tena. "Hapo umefanya la maana," alimwambia Kyaruzi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mtu alinde mke wake."

Ijumaa moja Enoshi alikuwa na mafua, hakuwa na nguvu za kubishana. Alitaja mwanga mapema kuliko siku zote. Kyaruzi akazima, akasimama dirishani kidogo ili macho yazoee giza. Ng'ambo ya barabara, chumbani kwake mwenyewe, taa ilikuwa inawaka. Kahangwa alisimama katikati ya chumba, bila shati, akinyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

Kahangwa alikuwa Mkatoliki. Hakuhitaji jirani wa kumzimia.