Unga Uliosagwa Kavu

Profesa aliwatangazia wageni ukumbini kwamba mawe haya ya volkano, yaliyotoka pale kipande kimoja cha ganda la dunia kilipoanza kuzama chini ya kingine, yalizaliwa na kutu ndani yake.

Msaga mawe, ambaye jina lake profesa alilifuta kwenye ripoti ya utafiti huo, akasimama.

“Nilikusihi tusage ndani ya spiriti, unga usiguswe na hewa ukashika kutu.”

“Mzee, rudi kwenye kinu chako. Elimu tuachie wenyewe.”

“Ukasema una haraka, nisage kavu. Unga ukapata moto ukaniunguza vidole. Kutu hiyo ni ya mashine, si ya volkano.”

Mgeni mmoja akauliza, “Kipande kisichosagwa kipo, tukipime?”

“Ninacho,” akajibu msaga mawe, akashuka ngazi za ukumbi kukileta mbele, polepole, makusudi, profesa apate kuhesabu hatua.