Ubao wa Chini

Kabati la vitabu lilivunjika mara ya pili siku ya Jumanne, saa sita na nusu mchana, Ba Ticha akiwa bado langoni anakohoa.

Alikohoa kwa heshima. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Chienge kumsalimia binti yake, na mila ya Wabemba ni mila: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso mpaka sherehe yake ifanywe. Basi unakohoa mara tatu langoni, mama anapata nafasi ya kupotea. Wiki nzima Ba Ticha hakuona hata ncha ya kitenge chake, na alijivunia jambo hilo kwa majirani.

Siku hiyo, kikohozi cha tatu hakijaisha, akasikia ndani: krraaa! Akakimbia. Mkewe, Ba Ennie (huku mume na mke wote huitwa Ba kwa heshima), alikuwa amesimama mbele ya kabati, mikono kaitandaza kama golikipa.

"Usisogee, kuna misumari! Kimbia ukamwite fundi!"

"Vitabu vyangu..."

"Vitabu vizima. Nenda!"

Maskini Ba Ticha akageuka, hata kofia hakuvua.

Fundi mwenyewe ni Apollinaire, aliyevuka ziwa kutoka Pweto pamoja na wakimbizi, akapitia kambi ya Kenani, na sasa ana banda lake karibu na soko la samaki hapa Nchelenge. Kwao alikuwa anatengeneza mabwato. Hakuna bwato lake lililowahi kuzama, na hilo analisema kila siku, hata kwa mtu aliyekuja kununua kigoda. Leo kabati linamvunjikia mara mbili! Aibu ilimshika mpaka masikio.

Wala haikuwa aibu tu. Mchungaji Sampa alitaka mabenchi arobaini ya kanisa jipya, kazi ya kulisha nyumba mwaka mzima, na alikuwa amesema wazi: "Kabati la Ba Ticha nitakuja kuliona Jumamosi. Nikilikuta limesimama, kazi ni yako. Likianguka tena, naenda kwa Valère."

Valère! Yule anayepigilia misumari kama anaua mende!

Apollinaire akapiga magoti, akakagua. Ensaiklopidia ishirini na nne, kila moja nzito kama tofali, zilikuwa juu, salama kabisa. Kilichokatika ni ubao wa chini, uliobeba magazeti machache ya kanisa.

"Mama, bitabu bizito biko juu," akasema. "Mbona inavunjika ya chini?"

"Uzito unashuka, fundi," akajibu Ba Ennie.

"Na haya maganda ya karanga?"

"Panya."

Apollinaire akayatazama. Yalikuwa yamerundikwa vizuri pembeni. Ee, panya wa Zambia wana adabu, akawaza.

Akashauri wahamishe kabati. Ba Ticha akakataa katakata. Nyumba ilikuwa na sebule na chumba chao cha kulala, basi, na ukuta mrefu ulikuwa mmoja tu, ule wa nyuma. Kweli kabati limeziba mlango wa uani, lakini mlango wa mbele si upo? Mtu mmoja anahitaji milango mingapi?

Ba Ennie akamsindikiza fundi mpaka langoni. "Huo ubao wa chini uwe mrefu, bila kigawanyo," akanong'ona. "Kina chake mkono mzima. Na uweke pazia."

"Pazia ya nini, mama?"

"Vumbi."

Apollinaire alifanya kazi siku tatu kama mtu aliyetukanwa. Misumari aliitupa. Alichimba mifereji ndani ya mbao za pembeni, akachomeka humo ubao wa mukwa wenye unene wa vidole viwili, akapaka gundi, akaupa mbavu kwa chini kama za bwato. Nyuma akafunga skurubu. Halafu akawaita wauza samaki watatu waukalie.

"Wamama batatu, mama! Hata Bana Memory, na unamujua vile iko munene!" akamwambia Ba Ennie alipoleta kabati. "Mbao haikulia."

"Walikaa tu?" akauliza Ba Ennie. "Hawakulala?"

"Mama, bitabu binalalaka?"

"Vingine vimezeeka, fundi."

Jumamosi ikafika. Mchungaji Sampa, Apollinaire na Ba Ticha wakaja pamoja kwa miguu kutoka sokoni, fundi akiwa hajala tangu jana. Langoni Ba Ticha akakohoa mara tatu. Wakangoja kidogo, wakaingia.

Ba Ennie alikuwa ananyoosha pazia, anahema.

Ubao ukalia mara moja: kwiii. Apollinaire akafumba macho. Mungu wangu, mabenchi yangu!

"Mbao mpya inajinyoosha," akasema Ba Ennie haraka.

Wakasubiri. Mchungaji akalisukuma kabati kwa bega, halikutikisika. Akalisukuma tena kwa mabega yote mawili, kofia ikamdondoka.

"Fundi," akasema, "mabenchi ni yako."

Apollinaire alitaka kucheka, akajikuta analia. "Miye nilisema! Bwato yangu haizamake!"

"Tuombe," akasema Mchungaji.

Aliomba kirefu, kama kawaida yake. Alishukuru kwa mti wa mukwa, kwa mikono iliyotoka Pweto, kwa vitabu vyote kuanzia juzuu ya kwanza.

"Na mama yetu wa Chienge, Bwana, anayelinda heshima ya nyumba hii, umbariki popote alipo saa hii."

"Amina," wakaitika wanaume watatu.

"Amina!" ukaitika ubao wa chini.