Mkono wa Pili

Simu ilitetemeka mezani, na fundi cherehani akajibu ujumbe kwa kidole gumba huku mkasi ukiendelea kula hariri.

"Shangazi, umeolewa na hiyo simu?" bibi harusi alimtania. "Harusi ni kesho."

"Tulia, mwanangu. Mkono mmoja wa gauni tayari, nakata wa pili."

Ikatetemeka tena. Akachungulia, akacheka, akamalizia kukata.

Alipoilaza mikono ile juu ya gauni, kicheko kilimkaukia mdomoni. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto, na hariri iling'aa upande mmoja tu, hivyo hakuweza kuugeuza mmoja. Mezani vilibaki vipande vyembamba kama utepe. Dukani kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha.

Simu ikatetemeka. Hakuitazama.

"Nijaribu, shangazi?" Bibi harusi alisogea, akanyoosha mkono wa kulia.