Saa ya Ngusa

"Kwa hiyo mbio zangu zote zimeandikwa jina la Deusi?" Ngusa alifoka mpaka mke wa Kocha, Mama Deusi, akachungulia kutoka jikoni.

"Punguza sauti, mwanangu," Kocha akasema. "Wewe una simu ya kitochi. Saa hii inataka simu kubwa, nikaiunganisha na ya Deusi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia!"

Miezi mitatu Ngusa alivaa ile saa ya kupima mbio kila alfajiri. Alipanda nayo kilima cha mnara, akalala nayo, hata kuoga alioga nayo, maana Kocha alimwambia wanaochagua timu wanaangalia namba za saa tu, hawana muda wa kuja huku. Leo majina ya wanaokwenda kambi ya timu yametoka. Deusi yumo. Deusi huyohuyo ambaye mbio zake ni za kuwahi ugali tu.

"Walipokupigia, ulisema namba ni za nani?"

Kocha akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Mtoto ni mtoto, Ngusa. Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

"Na mimi si unaniita mwanangu?"

Ngusa akaivua saa, akaiweka mezani karibu na kikombe. "Mpe aivae. Kilima chenyewe anakijua?"

Kwenye mkono wake pakabaki mstari mweupe, mahali ambapo jua halikupagusa miezi mitatu. Kwa mkono huohuo akavuta mlango, akaufunga taratibu.