Jina la Tano

Dobi aliamka magoti yakiwa bado sakafuni na shavu kwenye ukingo wa godoro. Kumekucha, na jina la nne hakulifikia.

Ilikuwa hivyo karibu kila mara. Alishinda akifua mashuka ya nyumba ya wageni, na ukifika wakati wa kusali mwili ulidai chake. Alianza na kijana mkubwa, akaja kwa pacha wawili, na kabla ya kumfikia mdogo mwenye pengo, usingizi ulimchukua. Aliyerukwa ni yuleyule siku zote.

Picha yao wote wanne, iliyokatwa gazetini, ilibandikwa ukutani, juu ya kitanda.

"Nisamehe, baba," alimwambia yule mdogo. "Mungu hasinzii. Mimi ndiye ninayesinzia."

Jioni hiyo, katika darasa la watu wazima, mwalimu alifundisha mipangilio: watu wamekaa kwenye benchi moja, je, wanaweza kubadilishana nafasi kwa namna ngapi? Dobi, aliyewazidi wote umri, mwalimu mwenyewe akiwemo, alinyoosha mkono.

"Na majina je, mwalimu? Nina manne ninayoyaombea. Sitaki mmoja awe wa mwisho kila siku."

"Wape namba kama hospitali, mama," alidakia fundi baiskeli aliyekaa nyuma yake. "Kila mtu asubiri zamu!"

Darasa likacheka. Dobi naye akacheka, kisha akatoa mfukoni vifungo vinne vya mashati, akavipanga mezani. Cheusi, kijana mkubwa. Vyeupe viwili, pacha. Chekundu, mdogo.

Mwalimu alisogea. "Wa kwanza unamchagua kati ya wanne. Ukishamtaja, wamebaki watatu. Halafu wawili. Halafu mmoja, huna tena la kuchagua. Nne mara tatu mara mbili mara moja: mipangilio ishirini na minne. Ukiimaliza yote, kila mmoja atakuwa wa kwanza mara sita na wa mwisho mara sita. Hakuna anayeonewa."

"Hakuna anayeonewa," dobi alirudia polepole, kama mtu anayekariri andiko.

"Ila hivi vyeupe vinafanana. Kama kuvibadilisha hakuleti tofauti, mipangilio inashuka hadi kumi na miwili. Nusu ya kazi, mama."

Dobi alivifunika vifungo kwa kiganja. "Hapana. Kwa sura siwezi kuwatofautisha, lakini kila mmoja ana jina lake. Sipunguzi."

"Haya, ishirini na minne. Ni hao tu?"

Dobi alivirudisha vifungo mfukoni. "Yuko wa tano."

"Basi inafika mia moja na ishirini!"

"Huyo jina lake halipiti kooni, mwalimu."

Fundi baiskeli aliinama mbele, utani umemwisha. "Kwani amekukosea nini, mama?"

"Angenikosea mimi ningeshamsamehe. Amewakosea hao wanne."

Mwalimu alirudi ubaoni.

Nyumbani alitafuta kifungo kingine cheupe, chenye matundu mawili badala ya manne, ili pacha wasichanganyike. Tangu hapo, kila siku kabla ya kusali, alivipanga vifungo dirishani kwa mpangilio mpya. Bado usingizi ulimzidi mara nyingine, ila sasa aliyerukwa alikuwa huyu leo na yule kesho, na moyo wake ulitulia kidogo.

Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, alimtazama mlangoni.

"Na yeye?"

"Bado."

"Wewe nawe! Wale wanne wako mikononi mwa Mungu. Huyu yuko mikononi mwa nani?"

"Nikimtaja pamoja nao, dada, nitakuwa nimewakalisha benchi moja. Watakubali?"

"Sasa unataka waje kukujibu?"

"Ngoja nimalize mzunguko."

"Mzunguko! Makubwa haya. Tumekupeleka shule, umerudi na mzunguko." Dada alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Jumamosi ni siku ya kuwaona wafungwa. Usipokwenda wewe, nani aende?"

Mzunguko uliisha Ijumaa. Dobi alitaja majina manne, akafungua mdomo kwa la tano. Ikatoka pumzi tupu. Alilia mpaka godoro likalowa.

Jumamosi alipiga pasi gauni lake akaenda hivyohivyo, jina likiwa bado limemkwama.

Kijana aliletwa upande wa pili wa wavu, amekonda, kichwa kimenyolewa. Alikaa, asijue mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Sikutegemea kama ungekuja." Alikwangua meza kwa ukucha. "Mama, huwa unaniombea?"

Hakutaka kumdanganya. Alishika wavu, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Alimtaja mdogo mwenye pengo, kisha pacha mmoja, kisha kijana mkubwa, kisha pacha wa pili. Hapo sauti ilikatika. Askari aliyesimama pembeni akageukia ukuta.

Kisha likatoka la tano.

Kijana alikuwa ameinama mpaka paji la uso likagusa meza. Manne ya kwanza aliwahi kuyasikia mara moja tu, hakimu akiyasoma moja moja, majina ya marehemu, kabla ya kumuuliza yeye, dereva wa lori, alikuwa amekunywa kiasi gani. La tano lilikuwa lake mwenyewe, na kati ya majina yote hayo ndilo pekee ambalo dobi alimpa mtoto aliyemzaa.